CHUNGU CHA WAITALIA NA KINU CHA BWERA

Askari ye yote aliyepata kutumikia Kasese anakikumbuka kilele cheupe cha Rwenzori, ambacho huonekana asubuhi na mapema kabla mawingu hayajakifunika. Kilele hicho kina urefu wa mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, nacho huitwa Margherita. Jina hilo si la Kikonzo, wala si la Kiingereza. Ni jina la malkia wa Italia, nalo lilitolewa na mtu wa ukoo wa kifalme wa nchi hiyo, Luigi Amedeo wa Savoia, aliyekifikia kilele hicho tarehe 18 Juni, 1906, baada ya kupita katika bonde la Mubuku.

Malkia huyo huyo ana kumbukumbu nyingine, na hiyo imo jikoni. Husimuliwa kwamba mwaka 1889, katika mji wa Napoli, mwokaji mmoja aitwaye Raffaele Esposito alimwandalia mkate mwembamba wa ngano uliopambwa kwa nyanya, jibini nyeupe na majani ya mrihani, yaani rangi tatu za bendera ya Italia: nyekundu, nyeupe na kijani. Wako wanahistoria wanaokitilia shaka kisa hicho, lakini chakula chenyewe kinaitwa piza Margherita hata leo.

Basi, kwa kuwa jina moja limekaa juu ya mlima wetu na juu ya meza yao, tumeona inafaa tuwaeleze wasomaji wetu Waitalia hula nini, hupikia vyombo gani, na mpishi wa Kasese na Bwera anafanana nao kwa lipi. Wala tusidhani kwamba haya ni mazungumzo ya anasa. Ndani yake limo jambo moja la uhai na mauti, ambalo Italia ililipia kwa miaka mingi, na ambalo Bwera ililipia mwezi Septemba, 2017.

NGANO, NYANYA NA ZEITUNI

Chakula cha Waitalia kinachojulikana zaidi ulimwenguni ni tambi. Askari wetu hawahitaji kuambiwa habari zake kwa kirefu, maana wengi wametumikia Somalia tangu majeshi ya Uganda yalipoingia Mogadishu mwaka 2007, nao wamewaona wenyeji wakila tambi kama sisi tunavyokula posho. Wasomali huziita baasto, neno walilolipata kwa Waitalia waliowatawala. Mtawala amekwenda zake, sufuria yake imebaki.

Tambi kavu hufanywa kwa aina ya ngano ngumu ambayo husagwa, ikakandwa kwa maji, ikakatwa kwa maumbo mengi, kisha ikakaushwa. Zikikauka vizuri hukaa muda mrefu bila kuharibika. Huchemshwa katika maji mengi yenye chumvi, nazo huepuliwa zingali na ugumu kidogo kiinini, kwa kuwa Mwitalia huziona tambi zilizolainika mno kuwa zimeharibika.

Mchuzi wake hauna mambo mengi. Ni mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, nyanya, na jibini iliyoparuzwa juu. Jibini iliyo mashuhuri zaidi hutoka pande za Parma na Reggio Emilia. Hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe, nayo sharti iwekwe ghalani si chini ya miezi 12 kabla ya kuuzwa. Nyanya nazo, ambazo leo huonekana kana kwamba zilizaliwa Italia, zililetwa kutoka Amerika katika karne ya 16. Tutalirudia jambo hili la mimea mgeni, kwa kuwa ndilo kiini cha makala haya.

Tusisahau kahawa. Wakulima wa miteremko ya Rwenzori hulima kahawa ya arabika, na Waitalia ni wanywaji wakubwa wa kahawa. Majumbani mwao huipika katika birika dogo la alumini lililobuniwa mwaka 1933 katika karakana ya Alfonso Bialetti. Maji huwekwa chini, unga wa kahawa katikati, na mvuke huyasukuma maji kupita katika unga mpaka chumba cha juu. Hivyo mkulima wa milimani na mpishi wa Napoli hukutana katika kikombe kimoja bila kuonana.

MCHI, CHUMVI NA MWIKO

Ye yote atakayefika Genova, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, ataonyeshwa kinu cha marumaru chenye mchi wa mti. Humo hupondwa majani ya mrihani, kitunguu saumu, kokwa za msonobari, chumvi na jibini, kisha hutiwa mafuta ya zeituni. Mboga hiyo huitwa pesto, na maana ya jina hilo ni kitu kilichopondwa.

Mtu wa Bwera akiona hayo hatashangaa. Atasema kwamba hata kwao mboga kubwa ni ya kupondwa. Sombe, yaani majani ya muhogo, hutwangwa katika kinu cha mti mpaka yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, yakatiwa mawese yanayovushwa kutoka Kongo, au karanga zilizosagwa. Tofauti iliyopo ni kwamba majani ya mrihani huliwa mabichi, hali majani ya muhogo hayaliwi mabichi kamwe. Sababu yake tutaieleza.

Chumvi nayo inafanana. Huko Trapani, katika kisiwa cha Sicilia, maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi vya kina kifupi, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Ndivyo wafanyavyo wachimbaji wa Katwe, katika ziwa la chumvi lililo ndani ya shimo la volkano ya kale karibu na Ziwa Edward. Wao hugawana vidimbwi vilivyotengwa kwa kuta za matope, na wanaume wengine huingia majini kuvunja mawe ya chumvi yaliyo chini ya ziwa, kazi inayochoma ngozi. Chumvi ya Katwe ilikuwa ikisafirishwa mbali na kubadilishwa kwa bidhaa nyingine kabla ya ukoloni kuingia. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome hapo, maana alijua kwamba aliyeshika chumvi ameshika njia ya biashara.

Hata hivyo, kufanana kulio kukubwa kuliko kote kumo katika mwiko. Waitalia wa kaskazini wana ugali wao, nao huitwa polenta. Ni unga wa mahindi, maji na chumvi. Husongwa katika chungu cha shaba nyekundu kiitwacho paiolo, ambacho zamani kilining'inizwa juu ya moto kwa mnyororo. Mpishi hukoroga kwa fimbo ya mti kwa muda upatao dakika 40 bila kupumzika, kisha hupindua chungu juu ya ubao, ugali ukatulia, ukakatwa kwa uzi. Wakonzo nao husonga obundu, ugali wa unga wa muhogo, ambao huenda ukachanganywa na ulezi au mahindi. Chombo ni chungu au sufuria juu ya mafiga, na mwiko ni wa mti. Kitoweo ni sombe, maharagwe, au ngege wa Ziwa Edward na Ziwa George, mbichi au aliyekaushwa kwa moshi.

UGALI ULIOACHA ELIMU YAKE NYUMBANI

Sasa tunafika penye uzito. Mahindi si mmea wa Italia, wala si wa Afrika. Ni mmea wa Amerika, nao ulivushwa bahari baada ya mwaka 1492. Watu wa Meksiko, walioulima kwa maelfu ya miaka, walikuwa na desturi ya kuyachemsha mahindi katika maji ya chokaa au ya majivu kabla ya kuyasaga. Wageni kutoka Ulaya waliiona kazi hiyo kuwa ni ya kupoteza wakati. Walichukua mbegu, wakaiacha desturi.

Watu maskini wa kaskazini mwa Italia walipokuja kuyategemea mahindi karibu peke yake, walianza kuugua. Ngozi zao zilikauka na kupasuka palipopigwa na jua, wakaharisha, kisha akili zao zikapotea, na wengi wakafa. Mwaka 1771 mganga Francesco Frapolli wa Milano aliuandika ugonjwa huo kwa jina lililotumiwa na wakulima wenyewe, pelagra, maana yake ngozi iliyokwaruza. Mwaka 1881 hesabu ya wagonjwa nchini Italia ilipita 100,000. Wakubwa waliokula polenta pamoja na nyama, maziwa na jibini hawakuugua. Aliyeugua ni mkulima, ambaye sahani yake ilikuwa na polenta asubuhi, polenta mchana, na polenta usiku.

Haikujulikana kwa hakika mpaka karne ya 20 kwamba mwili ulikuwa ukikosa vitamini iitwayo niasini. Vitamini hiyo imo katika mahindi, lakini imefungwa, na mwili hauwezi kuipata. Ile chokaa ya Wameksiko ndiyo iliyokuwa ikiifungua. Kumbe desturi iliyodharauliwa ilikuwa dawa. Chakula kilisafiri, elimu yake ikabaki pwani.

MUHOGO NA MSIBA WA 2017

Muhogo pia ulitoka Amerika, ukaletwa Afrika na Wareno. Huvumilia ukame, hukaa ardhini mpaka uhitajiwe, na hukua mahali ambapo mazao mengine hukataa. Lakini muhogo hujilinda. Ndani ya mizizi na majani yake mna kitu ambacho, mmea ukisagwa au ukitafunwa, hutoa sumu iitwayo sianidi. Mihogo mitamu ina kidogo. Mihogo michungu ina nyingi, na ukame huizidisha.

Tarehe 5 Septemba, 2017, palikuwa na mazishi katika Wilaya ya Kasese. Baada ya mazishi hayo watu 33 walilazwa katika hospitali ya Bwera wakitapika, wakihara na kuumwa tumbo. Uchunguzi ulipopanuliwa, wagonjwa walifika 98, na wawili kati yao walifariki. Kilichowaunganisha wagonjwa hao ni ugali wa muhogo. Unga ulipopimwa, sianidi iliyokuwamo ilikipita kwa mbali kiwango cha salama kinachokubaliwa na mataifa, yaani miligramu 10 kwa kila kilo ya unga.

Tufikiri jambo hilo. Watu walikuwa wamekwenda kumzika mwenzao na kuwafariji wafiwa. Hapakuwa na adui aliyetia kitu katika chungu. Moto uliwashwa, maji yakachemka, ugali ukasongwa kama siku zote. Kasoro ilikuwa imeingia mapema, kabla unga haujafika jikoni, na mpishi hakuwa na macho ya kuiona.

MAJI, JUA NA KINU

Tulipokuwa Bwera tulimkuta mama mmoja uani kwake, mbele ya pipa la maji lililojaa mihogo iliyomenywa. Tulimwuliza kwa nini asiikate, akaianika mara moja, akamaliza kazi. Alitujibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mtoto, kwamba mama yake na bibi yake hawakufanya hivyo. Hatua za kazi yake zilikuwa hizi, nasi tunaziandika kwa utaratibu ili aliyezaliwa mjini apate kuzielewa.

Kwanza, muhogo humenywa. Pili, hulowekwa majini kwa siku tatu au zaidi, mpaka ulainike na kuchachuka. Tatu, hukamuliwa, huvunjwavunjwa, na kuondolewa nyuzi. Nne, huanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Tano, hutwangwa au husagwa, kisha huchungwa kwa chekeche.

Wataalamu wa leo wakizitazama hatua hizo hawana la kupunguza. Muhogo unapolowekwa na kulainika, chembe zake hupasuka. Kimeng'enya kilichomo hukutana na kile kitu chenye sumu na kukivunja, sianidi ikatoka. Nyingine huenda na maji, nyingine huruka hewani wakati wa kukausha. Moto peke yake hautoshi kuifanya kazi hiyo, kwa sababu muhogo mchungu ukichemshwa mzima, joto hukiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu hubaki imefungiwa ndani. Hii ndiyo sababu sombe nayo hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sana bila kufunikwa. Mchi huvunja, mvuke huondoa.

Mama huyo hakututajia kimeng'enya wala sianidi. Hata hivyo, elimu aliyokuwa nayo mikononi ilikuwa ile ile ya maabara, tena imejaribiwa kwa vizazi vingi.

Kuna sehemu nyingine ya elimu hiyo, nayo ni kitoweo. Mwili wa binadamu una uwezo wa kuitoa sianidi kidogo inayobaki, lakini huhitaji protini kwa kazi hiyo. Obundu pamoja na ngege au maharagwe si sawa na obundu na chumvi tupu. Hapa tena Bwera na Italia zinakutana: aliyekula polenta na jibini alipona, na anayekula muhogo na samaki ana kinga ambayo mwenzake hana.

Mahali ambapo vyote viwili vilikosekana, yaani maandalizi na kitoweo, madhara yalikuwa makubwa. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwalazimisha watu kula mihogo michungu bila kungoja ikauke vizuri. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu ghafula, wasipone tena. Ugonjwa huo huitwa konzo. Tunapenda kutanabahisha kwamba jina hilo halihusiani na ndugu zetu Wakonzo. Ni neno la Wayaka wa Kongo, ambako ugonjwa uliandikwa kwanza, miaka ya 1930.

LINALOWAHUSU ASKARI NA POLISI

Huenda msomaji akauliza: mimi ninakula posho na maharagwe kambini, haya yananihusu nini? Yanamhusu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza imo katika bakuli lake mwenyewe. Askari wengi hunung'unikia maharagwe. Lakini posho ni ndugu wa polenta, na maharagwe ndiyo yanayomtenga askari wetu na yule mkulima wa Lombardia aliyepasuka ngozi. Atakayeyamwaga maharagwe akabaki na posho amemwaga ngao yake. Na akipata dodo au samaki, asione ni chakula cha raia.

Njia ya pili ni kazini. Askari aliye doria hununua chakula njiani, na polisi huitwa mahali penye msiba au ugomvi. Akiona watu waliokula chungu kimoja wanatapika, wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na pumzi zinawapaa, asiharakishe kusema kwamba ni uchawi au kwamba jirani fulani ametia sumu. Awapeleke hospitalini bila kuchelewa, auhifadhi unga uliobaki na chakula kilichobaki ili vipimwe, awaulize watu walinunua wapi, na awaarifu maofisa wa afya ili unga huo usiendelee kuuzwa. Neno moja la uzembe kutoka kwa mtu aliyevaa sare laweza kuchoma nyumba ya mtu asiye na kosa. Uchunguzi mmoja wa makini waweza kuokoa kijiji kizima.

Naye anayenunua unga wa muhogo asione haya kumwuliza mwuzaji ulitoka wapi na uliandaliwaje. Unga ambao asili yake haijulikani, au ulio mchungu ulimini, usiliwe.

Njia ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, ingawa haionekani upesi. Kuloweka muhogo kwataka siku tatu. Kuukausha kwataka siku nyingine. Kazi hiyo haifanywi na mtu anayekimbia. Mwezi Novemba, 1996, waasi waliposhambulia Mpondwe, jirani kabisa na Bwera, watu walikimbia wakaacha nyumba, mashamba na mapipa yao. Mtu aliyekimbia hula alichokiokota, kwa namna alivyokiokota. Vita hufupisha mapishi, na mapishi yaliyofupishwa huua hata baada ya bunduki kunyamaza.

Kwa hiyo askari anayelinda mpaka pale daraja la Lhubiriha, na polisi anayezunguka sokoni Mpondwe siku ya gulio, wasidhani kwamba wanalinda mstari wa ramani peke yake. Wanalinda pia zile siku tatu za mama wa Bwera. Amani ikidumu, muhogo utalala majini mpaka ulainike, utakaa juani mpaka ukauke, na watu watakaokaa kuuzunguka ugali jioni watainuka wazima.

Italia iliichukua mbegu ya mgeni ikaiacha elimu yake, nayo ikalipa kwa vizazi. Sisi tuna bahati kwamba elimu ya muhogo bado inaishi, mikononi mwa mama zetu na bibi zetu. Wajibu wetu ni kuiuliza, kuiandika, na kuwapa wenye kuijua nafasi ya kuitumia. Na siku askari atakapokitazama tena kilele cha Margherita asubuhi, ateremshe macho mpaka uani penye pipa la maji na kinu. Hapo pia pana kitu cha kulinda.